MAANA NA ASILI YA JINA MWANAKUPONA



Tangu nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu akiita majina wenzangu hucheka wakisikia langu. "Mwanakupona! Ulikuwa waumwa na nini?" Mwaka huu, wakati wa kujaza fomu za mtihani, nilitaka kuliacha kabisa. Lakini kwanza nikalichunguza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jina hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni Mwana. Huku kwetu Lamu, Pate na Siu, neno hili si mtoto tu. Pia ni heshima apewayo mwanamke, kama Bwana kwa mwanamume. Ndiyo maana tunao akina Mwana Khadija na Mwanaisha. Ya pili ni kitenzi kupona, yaani kutoka katika ugonjwa au kusalimika na hatari. Hilo ni neno la Kibantu, halikutoka Arabuni.

Nikamwuliza bibi kwa nini niliitwa hivyo. Akanambia, "Kabla yako mamako alizaa wawili, wote wakafa. Wewe ulipozawa tukakupa yina la dua, upone." (Waamu husema yina, yaani jina.) Kumbe wenzangu walikuwa wakiicheka dua ya watu waliokwisha kuzika mara mbili!

Aliyelitukuza jina hili ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu. Mwaka 1858, akiwa mjane na tena mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mawaidha. Baadaye akafariki. Yeye hakupona, ila maneno yake yamepona mpaka leo.

Wafaransa nao wana jina la jamaa hii: Renée. Asili yake ni Kilatini, renatus, maana yake aliyezaliwa upya, na Wakristo wa kale walilipenda kwa ajili ya ubatizo. Mwanamume huandikwa René. Matamshi ni yale yale. E ya mwisho ndiyo imtambulishayo mwanamke. Kwetu sisi, kazi hiyo hufanywa na Mwana.

Basi fomu nimeijaza, jina kamili. Nanyi wenzangu, kabla hamjalicheka jina la mtu, ulizeni kwanza aliitiwa nini.