MUHURI NA LAKIRI: JINA LA UKOO KATIKA WARAKA WA MOMBASA

Makala haya yanachunguza msamiati wa muhuri kwa kuzingatia Mji wa Kale wa Mombasa. Mwanafunzi wa leo anaujua muhuri kuwa ni ule wa mpira, upigwao mezani pa karani. Maana hiyo ni changa. Muhuri ulikuwa wa mtu kabla ya kuwa wa ofisi, na mfasiri alisahauye jambo hilo hupotoka mbele ya waraka wa kale.

Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, muhr. Lakiri, yaani nta ngumu iyeyushwayo ili kufungia barua, huhusishwa na lacre la Kireno. Mzizi wa Kiarabu kh-t-m, wenye maana ya kutia muhuri na pia kumaliza, umetupa hitimu, hatima na hitima. Basi anayehitimu chuo kikuu, kwa asili ya neno, ametiwa muhuri!

Hadithi zasimulia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia Warumi aliambiwa hawasomi barua isiyo na muhuri, akatengenezewa pete ya fedha yenye jina lake. Warumi hao ni watu wa dola ya Bizanti, na mfalme wao ndiye Herekali wa Utendi wa Tambuka (1728). Huko mihuri ilipigwa kwenye madini ya risasi. Kuanzia karne ya 10 na ya 11, majina ya koo kubwa, mathalani Komnenos na Doukas, yalizidi kuonekana juu yake, pamoja na cheo na dua ya mwenyewe.

Mombasa, kazi hiyo ya jina la ukoo hufanywa na nisba. Tumtazame Ali bin Uthman al-Mazrui, aliyetawala katikati ya karne ya 18: jina lake, la babaye, kisha la nyumba iliyoshika Mombasa hadi 1837. Msomaji mgeni huidhani nisba kuwa jina la tatu tu, ilhali ndiyo iliyomjulisha mpokeaji ni nyumba gani inayosema. (Wareno walitumia jiwe: maandishi ya 1639 langoni mwa Ngome ya Yesu yanamtaja kapteni Francisco de Seixas de Cabreira na matendo yake.)

Vitenzi navyo vinatofautiana. Kutia muhuri kunaafiki pete na lakiri. Kupiga muhuri kunaafiki mpira na wino. Katika "alitia muhuri wake", kimilikishi -ake si pambo. Mfasiri akiandika "ilipigwa muhuri wa ofisi", mtu na ukoo wake wametoweka katika sentensi.