Maji ya Asidi Kutoka Migodini: Somo kwa Njombe na Makambako

Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, ina hazina ya makaa ya mawe Mchuchuma na ya chuma Liganga. Uchimbaji wa madini huleta ajira, lakini miamba inayofukuliwa yaweza pia kuzalisha maji ya asidi kwa miaka mingi, hata baada ya mgodi kufungwa.

Asidi hutokeaje?
Makaa ya mawe na miamba mingi ya madini huwa na pairaiti, yaani muungano wa chuma na salfa. Ikifukuliwa na kukutana na hewa na maji, huzaa asidi ya sulfuriki, na bakteria huharakisha mabadiliko hayo. Asidi hiyo huyeyusha metali zilizomo mwambani, kama vile alumini, manganizi, arseniki na risasi.

Madhara kwa mazingira
Maji yasiyo na asidi wala magadi yana pH ya 7. Kipimo hicho kikishuka kwa 1, asidi huongezeka mara 10. Chini ya 4, samaki wengi hawaishi. Utando wa rangi ya kutu hufunika mawe ya mto na kuangamiza wadudu wanaoliwa na samaki. Mwezi Mei 2009, maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia Mto Tigithe, ambao wanavijiji waliutegemea kwa matumizi yao na ya mifugo.

Madhara kwa afya
Maji maangavu si lazima yawe salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yanapopungua kwa mvuke, metali huzidi kukolea. Arseniki inayonywewa kwa miaka huleta mabaka na ugumu wa ngozi viganjani na nyayoni. Risasi hupunguza damu na kudhuru ubongo wa mtoto.

La kufanya
Mgonjwa anayetibiwa Njombe mjini au Makambako huenda anaishi au anafanya kazi karibu na machimbo ya mbali. Mhudumu na amwulize: Maji ya kunywa huyateka wapi? Yamebadilika rangi au ladha? Je, majirani wana dalili kama hizi? Dalili zikijirudia kijiji kimoja, afisa afya ajulishwe ili maji yapimwe maabara. Mwananchi naye aepuke maji yenye utando wa kutu hadi yapimwe.

Zaidi ya yote, mito na visima vipimwe kabla ya uchimbaji kuanza. Pasipo kumbukumbu hiyo, ni vigumu kuthibitisha baadaye kilichobadilika.