Simu za wanachama zimekuwa namba moja

*Mshauri, natunza kumbukumbu za SACCOS yetu, programu yetu inatumia MySQL. Zamani namba za simu zilikuwa zinapoteza sifuri ya mbele tu. Tulipoanza kuziandika kwa 255 ili SMS za marejesho ziende, kila tunayemwingiza anatokea na 2147483647. Fundi anasema ni kirusi. Nifanyeje?*
*Karani, Morogoro*

Karani, kirusi hakimo. Hiyo 2147483647 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye safuwima ya aina ya INT. Namba ya 07 ikishadondosha sifuri hubaki milioni mia saba na ushei, nayo inaenea. Ukitanguliza 255 umeandika zaidi ya bilioni 255. MySQL ilipaswa kukataa, lakini kwenu imezimwa ukali: inapokea, inakata hadi kikomo chake, kisha inatoa onyo ambalo programu yenu haimwonyeshi mtu.

Leo simamisheni kuingiza namba, mchukue bakapu. Kisha toa orodha ya wote wenye 2147483647, maana hao namba zao hazitarudi kwa kupanua safuwima; tarakimu halisi hazikuhifadhiwa humo kamwe. Zitafuteni kwenye fomu za uanachama. Wale wenye tarakimu tisa ni wepesi: safuwima ikishabadilishwa, si kabla, watangulizieni 255.

Sasa fundi aandike:

ALTER TABLE wanachama MODIFY simu VARCHAR(16);

Kama safuwima ilikuwa na NOT NULL, airudie humo humo, la sivyo itaondoka. Akikushawishi kwamba BIGINT inatosha, mkatalie. Itabeba mabilioni hayo, ila sifuri ya mbele na alama ya + zitaendelea kupotea. Muulize: kuna siku tutajumlisha simu ya mwanachama mmoja na ya mwenzake? Kama haipo, hayo ni maandishi, yakae kama maandishi.

Halafu arudishe STRICT_TRANS_TABLES kwenye sql_mode. Ukali huo huja umewashwa tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, kwa hiyo ama toleo lenu ni kuukuu au kuna aliyeuzima ili makosa yasionekane. Aujaribu kwanza kwenye nakala, kwa sababu huenda programu ikaanza kugoma mahali ambapo jana ilipita. Kila inapogoma ndipo palipokuwa pakiharibika kimyakimya.

Usiishie kwenye simu. Angalia safuwima za akiba, hisa na jumla za mikopo. Kama nazo ni INT, mwisho wake ni shilingi bilioni 2.1, na jumla ya chama kinachokua hufika huko. Zihamishieni DECIMAL(15,2). Simu zimekushtua kwa kuwa zimefanana zote; jumla moja ya fedha iliyokatwa haina ya kufanana nayo, na itapita kwenye mizania hadi mkaguzi aikute.