Mafunzo Niliyopata Kwenye Majabali ya Singida

Wengi katika kundi letu la wapanda miamba la Arusha tunakula kwa Kilimanjaro na Meru, wengine waongoza watalii, wengine wapagazi. Kilimanjaro una mita 5,895, lakini kwa njia zinazotumiwa na wageni wengi mtu hufika Uhuru kwa miguu yake bila kugusa kamba. Kamba tunaijulia kwingine. Mwanzoni mwa Juni, kabla msimu wa wageni haujachanganya, tuliwaalika wenzetu wa Moshi na Dodoma tukutane Singida kwa wikendi nzima ya majabali. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

1. Hodi kwanza, kamba baadaye

Ukiyatazama kutoka barabarani, majabali yale utadhani hayana mtu. Sogea karibu. Juu ya moja mtama umeanikwa, kwenye shimo la jingine maji ya mvua yamebaki na mbuzi wanakunywa, chini ya la tatu wachungaji hujipumzisha jua likiwa kali. Tulipofika, mama mmoja alikuwa anageuza mtama wake kwa mguu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza huku kazi ikiendelea:

“Wanangu, mkishafika huko juu mnachukua nini?”

“Hatuchukui kitu, mama. Tunapanda, tunashuka.”

“Basi pandeni lile pale. Hili lina mtama wangu.”

Swali lake lilikuwa na msingi. Mkoa huu unaijua dhahabu tangu Wajerumani walipochimba Sekenke, kule Iramba, na mgeni mwenye kamba na helmeti hudhaniwa kwanza kuwa mtafuta madini. Mwenyekiti wa kitongoji alituomba tufungue mabegi, akashika karabina, zile pete za chuma za kuungia kamba, moja moja, akauliza kila kifaa kazi yake. Shughuli ile ilikula nusu ya asubuhi, na ilipokwisha kila nyumba ya jirani ilijua sisi ni nani na tutalala wapi. Kwangu hiyo ni sehemu ya usalama sawa na fundo la kamba. Mtu akiumia jabalini, watakaofika kwanza ni hao hao.

2. Mwamba hugongwa kabla ya kushikwa

Itale ya huku ni sehemu ya mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye umri unaopita miaka bilioni 2.5. Joto la mchana, baridi ya usiku na maji yanayopenya kwenye nyufa huufanya uchunike ganda baada ya ganda, mithili ya vitunguu vinavyolimwa mkoani humo. Ganda lililoachia laweza kuwa na upana wa mlango na bado likaonekana imara kwa macho. Ligonge kwa kiganja. Mwamba mzima hutoa sauti fupi, nzito. Ganda lililoachia hutoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani.

Aliyetuzidi wote kwa sikio ni mwenzetu wa Dodoma ambaye kazi yake ni kupachika vigae. Kila siku anagonga sakafu kutafuta kigae kisichoshika saruji, na jabalini alifanya vile vile. Tukamwachia kazi ya kutangulia kila njia, chaki mkononi, akiweka alama ya msalaba penye ganda bovu. Njia moja nzuri sana tuliiacha kwa sababu ya misalaba yake.

3. Peku wanajua

Hiki ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Kwenye jabali la mteremko hakuna pa kushika. Kinachokubeba ni msuguano wa wayo na chembe za mwamba. Mtu mzima akiogopa hulala kifudifudi, uzito unaondoka miguuni, viatu vinaanza kuteleza. Watoto wa kijiji walipanda jabali hilo hilo peku, nyonga zikiwa mbali na mwamba, visigino vimeshushwa, viganja vikigusa tu. Binti mmoja wa miaka kama kumi hakuinua mguu kabla ya kupatazama pale utakapotua, na akishakanyaga hakuusogeza tena. Tulimwomba arudie polepole. Akarudia, akituangalia kwa huruma.

Baada ya hapo, kwa ruhusa ya wazazi, tuliwafunga mikanda na kamba wakapanda jabali refu ambalo hawakuwahi kulijaribu. Mchezo huu uliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, mwaka 2021. Sijui kwa nini tuendelee kuamini kwamba ni wa watu wa mbali.

4. Upepo hula maneno

Singida kuna upepo, na aliye juu hasikiki chini. “Kaza” na “legeza” ni maneno ya kukubaliana kabla ya kuondoka ardhini, pamoja na mvuto wa kamba unaosimama badala ya kila moja. Mshika kamba asiyesikia asibahatishe, asiachie kitu.

5. Nyuki wana haki ya ufa wao

Wanyaturu, wenyeji wa huku, humsimulia Liti Kidanka, mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini unaitwa Liti. Majabalini nyuki hao si simulizi. Kabla ya kupanda, keti chini uutazame ufa kwa dakika kadhaa. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwa mstari mmoja, hamia jabali jingine. Na ndizi zibaki garini: harufu ambayo nyuki hutoa kuitana kwenye hatari inafanana na ya ndizi mbivu.

6. Jabali linaweza kuisha

Ukingoni mwa kijiji kuna jabali ambalo nusu yake haipo. Magogo huwashwa juu yake, mwamba ukipata moto hupasuka, nyundo nzito inamalizia, kisha kina mama huketi chini ya turubai wakiponda vipande kuwa kokoto, ndoo kwa ndoo. Iliniuma kulitazama. Lakini kokoto zile ni daftari na sare za shule, na mpandaji wa wikendi hana mdomo wa kumwambia mama wa watu aache. Wenzetu wa Kenya wana Hell's Gate ya Naivasha, hifadhi ya taifa tangu 1984. Majabali haya hayana ulinzi huo: yako mashambani mwa watu.

Jumapili, baada ya ugali wa mtama na kuku wa kienyeji waliotupikia, tuliketi na mwenyekiti tukauliza jabali lililosimama linaweza kulipa nini. Tukaafikiana: majabali mawili marefu yasiguswe na moto, kila mpandaji alipe ada ofisi ya kijiji kwa risiti, na chakula kipikwe na kina mama wa kokoto kwa malipo. Tulipoahidi kurudi Oktoba, mmoja wao akauliza, “Na Oktoba msipokuja?” Ada ya Oktoba tuliilipa pale pale, kabla ya kupakia kamba garini.