Kagua Mipira ya Vakyumu Kabla ya Kulipia Kabureta

Gari la kabureta la miaka ya 1980 likitetemeka au kuzimika linaposimama, mwenye gari huenda akaambiwa anunue kabureta nyingine. Asikubali haraka. Chanzo chaweza kuwa mpira mwembamba wa vakyumu uliokakamaa kwa joto na kupasuka nchani, hewa ikapenya na kuvuruga mchanganyiko wake na petroli.

Fungua boneti injini ikiwa imepoa. Magari mengi huwa na kibandiko chenye mchoro wa mipira hiyo. Kisipokuwapo, piga picha kwanza. Fuata kila mpira kutoka manifoldi ya kuingizia hewa hadi unapoishia, ukiukunja taratibu kwenye ncha. Badilisha mmoja mmoja. Ukiing'oa yote pamoja, utaichanganya. Mpya uwe na kipenyo kilekile cha ndani na uhimili vakyumu, kwani mpira wa maji hunywea na kuziba. (Fundi akisema "yote ni mipira tu", tafuta mwingine.)

Ule mnene uendao kwenye kifaa cha kusaidia breki haungoji. Ukivuja, pedali huwa ngumu na gari huchelewa kusimama. Lisiendeshwe kabla haujabadilishwa. Dai stakabadhi inayotenganisha bei ya vipuri na ya ufundi, na urejeshewe mipira ya zamani.