SOMO: NENO "HAIDHURU"

Neno la somo hili ni dogo, nalo husikika kila siku nyumbani, njiani na sokoni: haidhuru. Katika Katanga wengi hulitamka haizuru. Neno ni lile lile.

1. Maana yake

Asili yake ni kudhuru, yaani kutia hasara au kuumiza. Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu. Basi, mtu asemaye haidhuru ashuhudia kwamba jambo fulani halikuleta hasara. Na kila ushuhuda waweza kuwa wa kweli, au wa uongo.

2. Matumizi mema

Mtoto amwaga maji kwa bahati mbaya, aogopa, mama amwambia, "Haidhuru, mwanangu." Hapo neno laondoa hofu. Tena, mama mwenye mtoto mgonjwa ashindwa kwenda Misa siku ya Dominika, naye ahuzunika kana kwamba ametenda dhambi. Mwenzake amwambia, "Haidhuru, Mungu aona." Asema kweli, kwa maana Kanisa halimhesabii dhambi mtu aliyezuiwa na sababu ya haki.

3. Matumizi mabaya

Tumwangalie mvuvi mmoja wa Mulongo. Arudi alfajiri kutoka mto Lualaba, apita penye wavu wa jirani yake, atoa samaki wawili. Moyo wamchoma kidogo, lakini ajiambia, "Haidhuru, wawili tu." Siku ya pili atoa watano, na moyo haumchomi tena. Huko nyumbani mke wa jirani asonga ugali, naye hana kitoweo cha kuwapa watoto.

Kosa la mvuvi katika neno hili ni nini? Amejitwalia neno lisilo lake. Aijuaye hasara ni yule aliyeipata. Kwa hiyo haidhuru ni neno la aliyekosewa; aliyekosa hana ruhusa ya kulisema. Neno lake yeye ni jingine: "Nimekosa, unisamehe."

4. Mafundisho ya Kanisa

Kanisa lafundisha kwamba dhambi hazilingani. Dhambi ya mauti ina mambo matatu: jambo lenyewe ni zito, mtu ajua vema, naye akubali kwa hiari. Dhambi nyepesi haiui neema ya utakaso, lakini yapunguza mapendo na kuzoeza roho ubaya. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1551 kwamba si lazima kuungama dhambi nyepesi, lakini kuziungama ni vema na kuna faida. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika, aliyefariki mwaka 430, alionya kwamba matone mengi hujaza mto. Wenye mitumbwi wajua habari hiyo: maji yapenyayo katika ufa mdogo, yasipotekwa na kumwagwa, hukizamisha chombo.

5. Kusamehe

Je, aliyeumizwa sana alazimika kusema haidhuru? La. Kusamehe si kusema uongo. Bwana wetu Yezu Kristu msalabani aliwaombea msamaha waliomsulibisha. Hakusema kwamba kosa lao si kitu. Aliyeumia aseme, "Umeniumiza, nami nakusamehe." Msamaha huo ni mkubwa kuliko haidhuru, kwa sababu waijua hasara yote na kuiachilia.

Na mvuvi yule afanye nini? Awarudishe samaki, au thamani yao, akamwombe jirani yake radhi. Labda jirani atacheka na kusema, "Haidhuru, ndugu." Siku hiyo neno litakuwa limetoka katika kinywa chake halali.

Maswali

Swali: Haidhuru ni neno baya?
Jibu: Sivyo. Ni jema likisemwa kwa kweli na kwa mapendo.

Swali: Ni lini huwa baya?
Jibu: Mkosaji alitumiapo kwa kunyamazisha dhamiri yake.

Swali: Aliyeiba kitu kidogo apaswa kufanya nini?
Jibu: Atubu, arudishe alichotwaa, aombe msamaha.

Zoezi: Jioni, kabla ya kulala, kila mkatekumeni ajiulize: "Leo nimesema haidhuru mara ngapi, na hasara ilikuwa ya nani?"