Kipozamataza, Ndege wa Malisho Yako

Ndugu mkulima wa Lambwe, kukipambazuka tazama nguzo za ua wako, au kichuguu kilicho karibu. Utamwona ndege mdogo wa rangi ya udongo akiimba, kishungi amekisimamisha, kisogo chake kina wekundu wa kutu. Huyo ndiye kipozamataza. Wako jamaa zake wakaao jangwani, kule Dida Galgalu, Marsabit. Huyu wetu hupenda nyasi, kama zile za Mbuga ya Ruma.

Usimdhanie kuwa kwelea. Kwelea huja kwa makundi makubwa kula mtama. Huyu hutembea peke yake au na mwenzake, akila panzi, mchwa na mbegu za nyasi.

Shida yake ni kiota. Hukijenga chini kabisa, penye shina la nyasi, akataga mayai mawili au matatu. Ukichoma malisho, makinda huungua. Basi ndege akiruka ghafla miguuni pako, simama, utazame kabla ya kupiga jembe. Ukikiona kiota, acha nyasi hizo zisichomwe wala zisilimwe mpaka makinda waondoke.